Mlango wa Nyarangi

Migori,
14 Septemba 1997

Kwako Mellen, mdogo wangu,

Bwakire, na salamu ziwafikie nyote hapo Sindo: wewe, Caleb, watoto, na yule mbuzi wako anayekula leso za watu. Huku hatujambo. Goti la Liz lilimsumbua wiki mbili mfululizo. Sasa linamsumbua nusu siku, nusu ya pili namsumbua mimi. Mimi nimenenepa mpaka kiti changu cha kibarazani pa posta kimeanza kulia nikikikalia. Taipu bado inakwama herufi mbili, nami bado naishi kwa kazi ya watu wasiojua kuandika barua, na wengine wanaojua lakini wanaogopa.

Bila shaka mmesikia. Mwalimu Mirumbe ametutoka. Alifariki Jumatano tarehe tatu, nyumbani kwake Masara, na Alhamisi hii iliyopita tumemzika. Mellen, sijaona mazishi ya namna ile. Watu walikuja na vitabu vyake kwapani, vingine havina jalada, vingine vimeshonwa kwa uzi wa gunia. Akina mama wanaoosha dhahabu walikuja na makarai yao, wakayafudikiza kuzunguka kaburi, hakuna aliyewaambia. Askari mmoja alilia mpaka akavua kofia akajifutia nayo.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia hata Liz.

Mhubiri alisema hatahubiri, atasoma tu ukurasa wa mwisho wa *Karai la Nyarangi*, kwa kuwa ndicho kitabu cha mwisho cha marehemu. Nikajikaza, maana mimi ndiye niliyekipiga taipu na mwisho wake naujua: kaka yake Nyarangi, yule aliyetoroka na jiwe la dhahabu akamwacha dada yake azike mama yao peke yake, anarudi baada ya miaka kumi, anabisha mlango kwenye mvua, na Nyarangi hafungui. Anakaa ndani akisikiliza mpaka kubisha kunakoma. Basi.

Mhubiri akasoma: "Nyarangi akainuka, akavuta komeo. 'Ingia,' akasema, 'uji haujapoa.'"

Watu wakalia kwa sauti. Na mimi nikalia, ila si kwa sababu yao. Maneno yale ni yangu, Mellen. Maneno yangu yamesomwa juu ya jeneza la Mwalimu Mirumbe kama yake.

Unakumbuka mwaka wa tisini na tano ulipolazwa Homa Bay na homa ya matumbo. Nilikuwa nakuletea nakala za kaboni, sura baada ya sura, ingawa Mwalimu alinikataza kumwonyesha mtu. Ukaniambia, "Kaka, kama Nyarangi hafungui, huo mwisho usiniletee, nitakufa." Nikaogopa kweli. Nikaketi, nikapiga ukurasa 214 mwingine, wa kwako peke yako, ambamo mlango unafunguliwa. Unanijua. Mtu akija kushtaki kwa chifu kwamba jirani kamtukana, mimi naongeza kwamba alimtukana mbele ya wakwe. Ndiyo kazi yangu. Mwalimu alijua, ndiyo maana siku ya kwanza aliniambia, "Joash, mimi usinitie chumvi."

Sasa naona ilivyokuwa. Kurasa mbili zenye namba 214 zilikuwa juu ya meza moja. Wangu nikautia kwenye bahasha ya wachapishaji wa Nairobi. Na Mwalimu wakati ule macho yalikuwa yameingia mtoto wa jicho. Aliniambia funga tu, nakuamini. Kitabu kilipotoka mwaka huu nilinunua nakala tatu, nikazigawa, sikufungua hata moja. Nilijiona nakijua kwa moyo.

Kama ukurasa wangu ulikwenda Nairobi, basi wa Mwalimu ulikuja kwako. Wewe ulisoma nini pale kitandani, Mellen? Mbona hukusema?

Nitumie huo ukurasa. Madaftari yake hayapo tena. Unajua desturi yake, kitabu kikishapigwa taipu aliwapa wauza njugu wa Masara wafungie njugu, akisema hadithi haifai kuwa na midomo miwili. Ulio nao wewe ndio pekee uliobaki duniani.

Nduguyo mwenye kosa,
Joash

*

Sindo,
12 Oktoba 1997

Kaka Joash,

Sabato njema iliyopita na inayokuja. Barua yako ilichelewa, nadhani ilipitia Kisumu kutalii. Sisi wazima. Caleb yuko ziwani kila siku, ila magugumaji yameziba ufuo, mashua zinasukumwa kama mikokoteni. Ndizi zangu kutoka Kisii zinafika zimeiva kupita kiasi, nauza kwa kupiga kelele. Mbuzi amekula leso ya tatu. Mwambie Liz apake mafuta ya nyonyo kwenye goti, na wewe mwenyewe upunguze ugali.

Habari za Mwalimu zilitufika hapa kwa redio ya duka. Unajua mimi huwasomea akina mama wa omena, dagaa wetu hawa, jioni wakianua nyavu za kukaushia. Siku ile walikataa nisome. Walisema, "Leo nyamaza, Mama Bochaberi, tumsikie yeye." Tukakaa kimya na omena zetu, wanawake kumi na wanne, mpaka kunguru wakatuona wajinga wakaanza kula. Hakuna aliyewafukuza.

Kuhusu huo ukurasa, ni miaka miwili sasa, na nyumba ilivuja mara ngapi. Nitatafuta. Usijitese, Kaka. Unakula vizuri?

Mtoto wetu wa kwanza anafanya mtihani wa darasa la nane mwezi ujao. Uniombee.

Ni mimi,
Mellen

*

Migori,
2 Novemba 1997

Mellen,

Mtoto namwombea, na ninakula vizuri mno, kiti kinaweza kushuhudia. Mvua hii wanayoiita El Nino imeleta mto mpaka karibu na soko; juzi nilipiga taipu miguu ikiwa kwenye maji kama mchimba dhahabu.

Umeniuliza kama nakula. Hukunijibu ulisoma nini.

Tangu mazishi watu wanakuja kibarazani wanataka rambirambi zipigwe taipu zipelekwe kwa Mama Bhoke, mjane wa Mwalimu. Nimeshapiga ishirini na tatu. Na kila mmoja, Mellen, kila mmoja anataja ule mlango! Mwosha dhahabu mmoja alisema, "Andika kwamba mume wako alijua kusamehe kuliko mhubiri wetu." Nikaandika. Sikutia hata punje ya chumvi.

Kisha akaja Osoro, yule mchinjaji wa nyuma ya posta. Akaketi, akasema: "Mwandikie hivi. Mimi na ndugu yangu hatukusemezana miaka sita kwa sababu ya shamba. Nilisoma kitabu cha mumeo mwezi wa nne. Kesho yake nikaenda nikamfungulia mlango." Nikamwambia, "Osoro, ni kwa sababu ya ukurasa ule wa mwisho?" Akasema, "Kwani kuna ukurasa mwingine?"

Nilijifanya utepe wa taipu umekwisha wino, nikaingia ndani kuutafuta.

Wiki iliyopita nilikwenda Masara kumpelekea Mama Bhoke hizo barua. Nilikusudia kumwambia kila kitu. Nikanywa chai vikombe vitatu, nikasifu kuku wake, nikarudi nyumbani. Ndivyo nilivyo hodari. Ila ameniambia mambo mawili. La kwanza, mwezi wa nne mwaka huu Mwalimu alipasuliwa jicho moja likaona, akakisoma kitabu mwenyewe kwa kioo cha kukuzia, wiki tatu nzima. Alipofika mwisho akaomba maji.

Kwa hiyo alijua, Mellen. Alikufa akijua.

La pili sikulielewa. Anasema miezi ya mwisho, kila Jumatano ya soko, mzee alimwamuru atoe viti viwili chini ya paa la mbele. Kimoja anakalia yeye, cha pili kinabaki kitupu mpaka jioni. "Nikimuuliza ni cha nani," anasema, "ananiambia, wewe kiweke tu."

Wachapishaji wameandika kwamba watakichapa tena mwezi wa Aprili kwa heshima ya marehemu. Wanasema kama kuna makosa ya chapa yaletwe kabla ya mwisho wa Februari. Kuna kosa moja, na lina kilo tisini na tano, linakwandikia barua hii.

Nitumie ukurasa.

Joash

*

Sindo,
7 Desemba 1997

Kaka,

Salamu. Barabara ya Lambwe imekatika, barua hii naipa mtu anayevuka kwa miguu. Malaria imempiga mdogo, sasa ameinuka.

Ukurasa ninao. Sikuupoteza, nimekudanganya, nisamehe kwa hilo dogo kwanza.

Lakini siutumi. Fikiri na wewe. Mwalimu hayupo, hawezi kuumia zaidi. Osoro na ndugu yake wanakula pamoja. Akina mama wangu hapa, niliposoma mahali anaposema uji haujapoa, mmoja alienda kumtafuta binti yake kule Rongo. Ukirudisha mwisho wa kweli utamwambia nini Osoro? Umfungie tena ndugu yake nje?

Acha lipite. Mimi ndiye niliyekuomba. Kosa ni langu, libaki huku ziwani na mimi.

Mellen

*

Migori,
28 Desemba 1997

Mellen,

Uchaguzi huko unakuja kwa salama? Huku kelele, lakini tukishapiga kura kesho itatulia, nadhani.

Sitabishana nawe. Kuhusu Osoro una haki, na ndiyo maana silali vizuri. Lakini kuna swali linanila. Mwalimu alinijua miaka kumi na minne. Nikikosea koma alinitumia ujumbe kupitia mwuza mkaa. Hili kubwa alilijua kuanzia mwezi wa tano mpaka Septemba, na Masara si mbali, hata mimi na tumbo langu nafika. Kwa nini hakuniita anitukane? Ningetukanwa ningepona. Nahisi aliamua sistahili hata matusi.

Mimi ukurasa ule nakumbuka maana yake, maneno siyakumbuki. Nikiyabuni, nitakuwa nimemfanyia mara ya pili.

Hilo tu. Liz anawasalimu.

Joash

*

Sindo,
25 Januari 1998

Kaka yangu Joash,

Nimeanza barua hii mara nne. Watu wote ni wazima, mbuzi tumemuuza. Sasa nimemaliza salamu na sina pa kujificha.

Pale Homa Bay, bahasha yako ilipokuja, nilisoma kwamba Nyarangi hakufungua. Nililia, halafu nikalala, na asubuhi homa ikashuka. Sikufa, kama unavyoona. Nilidhani umekataa ombi langu kwa uaminifu, nikakuheshimu kwa hilo. Sikusema kitu kwa sababu niliona aibu kuwa nilikuomba.

Mwezi wa tano mwaka jana Caleb akaninunulia kitabu Homa Bay. Nikafika mwisho, nikakuta mlango unafunguliwa, na sauti ni yako. "Uji haujapoa" alikuwa anasema mama, ukichelewa kutoka shule. Nikaelewa yote palepale. Ningekwandikia wewe. Badala yake nilimwandikia Mwalimu. Nilimweleza kwamba mimi ndiye mgonjwa niliyeomba, kwamba kurasa zilibadilishana, kwamba wewe hujui hata sasa, na asikukasirikie.

Alinijibu. Barua yake hii hapa naiweka pamoja na ukurasa. Herufi ni kubwa kama za ubao wa duka na mistari inapandana, kwa hiyo nakunakilia usije ukakisia:

"Masara, 18 Juni 1997. Bi Mellen, barua yako nimeisoma kwa jicho moja siku mbili. Nyarangi hakufungua. Mimi najua kwa nini hakufungua. Ndugu yako hajui, kwa hiyo hakuwa na haki ya kumfungulia. Lakini alikuwa anamfungulia mgonjwa, nimesikia. Mwambie yaliyotokea, wewe dada yake. Simwiti, maana akija kwa kuitwa atakuwa ameitika tu. Mwambie kwamba Jumatano nipo, na kiti kipo. Akija aje na njugu. Mirumbe."

Kaka, sikukwambia. Siku barua hii ilipofika nilipokea na yako pia, ukijisifu kwamba umetundika jalada la kitabu juu ya meza yako na wateja wanakuita Bwana Mwandishi. Ulikuwa na furaha kweli. Nikasema nitamwambia Agosti akija kwa likizo. Agosti ukaja, ukacheka siku tatu, ukaondoka. Nikasema mwezi ujao.

Ulipoandika habari ya kile kiti kitupu, niliikunja barua nikaiweka chini ya gunia la ndizi, kana kwamba ingenyamaza.

Ulisema aliona hustahili matusi. Alikungoja. Ni mimi niliyekuzuia. Niliogopa ukijua nimemwandikia hutanifungulia tena kwako, na kwa hofu hiyo nimekufungia mlango wa mtu mwingine.

Sijui niandike nini hapa chini badala ya jina.

Mellen

*

Migori,
22 Februari 1998

Kwako Mellen, mdogo wangu,

Salamu kwanza, maana tumelelewa. Goti la Liz limepona kwa mafuta ya nyonyo, sasa hana kisingizio cha kutonifukuza jikoni. Mto umerudi mahali pake. Kiti changu cha kibarazani kilivunjika kabisa nikiwa nimekikalia, mbele ya karani wa posta na mtawa wa Kikatoliki. Mtawa ndiye aliyecheka zaidi.

Bahasha yako niliifungua hapohapo kibarazani. Sikuipigia kelele. Nilifunika taipu saa nne asubuhi, wateja wakadhani nimefiwa.

Kwanza nikaenda kwa Osoro, nikamwambia yote kwenye duka lake la nyama. Alisimama na kisu mkononi, mimi nikawa naangalia kisu. Akasema, "Kwa hiyo ndugu yangu nilimfungulia kwa ajili ya mpiga taipu?" Nikasema ndiyo. "Na Mwalimu mwenyewe alisema asifunguliwe?" Nikasema, wa kwenye kitabu, ndiyo. Akafikiri. "Sasa huyu wangu ameshakula nyama yangu karibu mwaka mzima. Nimtoe tena?" Nikasema hapana. "Basi toka hapa, Joash, umenizibia wateja." Nilipofika nje akaniita: "Na huo mwisho wa kweli, ukitoka, uniletee. Nataka kujua yule dada alikuwa anafikiri nini. Mimi nilikaa miaka sita ndani kama yeye."

Halafu, Jumatano ya tarehe kumi na moja, nikaenda Masara. Nilinunua njugu sokoni. Nilitazama karatasi zake moja baada ya nyingine, Mellen, nikitafuta mwandiko wa Mwalimu, hata ya mwisho ilikuwa gazeti tu.

Mama Bhoke nilimwambia nikiwa nimesimama, kabla hajaniletea chai ya kunitoa njiani. Nikamsomea barua ya mumewe. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Jumatano kumi na moja nimebeba kile kiti. Mgongo huu. Siku aliyofariki kilikuwa bado kiko nje." Nikangoja anitukane, nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa hata nayataka. Akanionyesha mlango wa chumba kwa kidevu. "Leo kibebe mwenyewe."

Nikavibeba vyote viwili. Chake nikakiweka anapokaa, changu nikakiweka pale alipokuwa anakiweka, nikaketi nimeshika njugu. Nilikuwa na maneno ya kuomba radhi niliyoyatunga njia nzima, mazuri mno, yangemliza hata hakimu. Nilipofungua mdomo nikayasikia yalivyojaa chumvi. Nikasema tu, "Mwalimu, ni mimi. Nimekuja." Watu wa soko walipita wakanisalimu. Mchana ulikuwa mrefu. Jioni nikavirudisha viti ndani. Mama Bhoke akasema, "Jumatano ijayo pia. Mpaka nitakapokwambia." Nimeshakwenda mara mbili.

Ukurasa nimeupiga taipu. Mwalimu ameandika neno "mvua" mara tatu katika sentensi moja, na vidole viliniwasha. Nikaviacha viwashe. Nimeuacha kama ulivyo: Nyarangi amekaa, kubisha kumekoma, asubuhi anatoka na karai lake, anakuta nyayo za kaka yake zimejaa maji mlangoni, anazizunguka zote bila kukanyaga hata moja, anakwenda kazini. Nilikuwa sijawahi kuliona hilo la kutozikanyaga, Mellen. Nilipiga taipu mara ya kwanza sikuliona. Nilikuwa na haraka ya kufungua mlango.

Nimetuma Nairobi kwa rejista, pamoja na barua niliyotia sahihi kwa jina langu kamili. Jalada juu ya meza nimelishusha.

Kuhusu wewe. Sitaandika hapa kwamba nimekusamehe, kwa sababu najijua. Nitaipamba mpaka iwe uongo. Nina hasira, na njia nzima ya Masara nilikuwa nahesabu Jumatano zile kumi na moja na kukuona wewe katika kila moja. Halafu nakumbuka nani aliyekuletea kurasa za siri hospitalini, nani aliyeweka ule wa uongo kwenye bahasha, na hasira inakosa pa kukaa.

Barabara ya Lambwe nasikia imetengenezwa. Sikuiti, Mellen. Nakwambia tu kwamba Jumatano nipo Masara, na nimemwomba Mama Bhoke kiti cha tatu.

Joash